Kushusha Hilux na kubakiza rimu zake: jibu kwa msomaji wa Ujiji

Msomaji wa Ujiji, Kigoma, ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina Hilux ya mwaka 1994, kabini moja, inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Nataka kuishusha inchi mbili mbele na nyuma, ila rimu zake za chuma za kiwandani na tairi 195R14C sitaki kuzigusa. Nazipenda, na pesa ya rimu nyingine sina. Siku za kazi natembelea mjini, mwisho wa wiki nabeba mapipa matatu ya mawese. Fundi mmoja kaniambia tupunguze pleti za springi. Wa pili anataka kuzichoma moto zilale. Wa tatu anasema bila kubadili rimu haiwezekani. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Usimsikilize hata mmoja kati ya hao watatu. Pikapu yako inashuka na rimu zake zikabaki palepale, na namna ya kuishusha nitakueleza. Lakini inchi mbili ni nyingi kwa gari linalobeba mapipa, na hilo sitaki ulikubali kwa sababu nimelisema mimi. Nataka ulione mwenyewe kwa tepu ya kupimia.

Nianze na rimu, maana ndizo zilizokuchanganya. Rimu ya kiwandani ina kina chake, yaani umbali kutoka pale inapokaa kwenye habu hadi katikati ya upana wake. Kina hicho kilipangwa pamoja na madigadi, mikono ya mbele (vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele kwenye chasisi) na mzunguko wa usukani wa gari hilohilo. Gari likishuka, tairi linapanda ndani ya madigadi kwa njia ileile ambayo limekuwa likipita tangu siku ya kwanza. Jiulize: ukipakia yale mapipa matatu, si nyuma inashuka? Na tairi linasugua? Halisugui. Basi kila Jumamosi unaishusha Hilux yako bila kujua, ikiwa na rimu zake, na hakuna kinachogusana. Wanaolia kwamba tairi linakula madigadi ni wale waliofunga rimu pana zinazotokeza nje, au waliotia spesa nyuma ya rimu. Na wewe spesa usiweke. Zinazisogeza rimu nje na kuziongezea mzigo bearing na stadi za gurudumu, kwa faida ya kuangalia tu.

Kuna jambo jingine zuri katika kuzing'ang'ania rimu na tairi hizo, nalo ni difu. Urefu wa difu kutoka ardhini unategemea tairi peke yake. Ushushe bodi kwa kiasi chochote, maadamu tairi ni lilelile, difu haliendi chini hata milimita moja. Tairi la 195R14C lina kipenyo cha kama sentimita 66 hadi 67. Ukiliondoa na kufunga 185/60R14, ambalo watu hulipenda kwa sababu "linaishusha gari", kipenyo kinakuwa kama sentimita 58. Ekseli nzima inashuka zaidi ya sentimita 4, na difu linashuka nalo, kwenye zile njia zetu za udongo ambazo malori yamechimba mifereji miwili na kuacha mgongo katikati. Isitoshe, tairi lako la herufi C likiwa na namba 106 ubavuni linaruhusiwa kilo 950. Lile dogo lenye namba 82 linaruhusiwa kilo 475, nusu kamili. Na mshale wa spidi nao unakudanganya: unasoma 80 wakati gari linakwenda kama 69. Kwa hiyo uamuzi wako wa kutogusa magurudumu naupongeza kwa moyo wote, hata kama uliufanya kwa sababu ya mfuko.

Sasa kinachoshuka ni nini? Ni kila kilichofungwa kwenye chasisi: krosimemba (chuma kinachokingama chini ya chasisi) ya mbele, sampo ya injini, bomba la ekzosi, tangi la mafuta, bampa. Kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi. Egesha pikapu mahali tambarare, lala chini, tafuta kitu kilicho chini kuliko vyote kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kata fimbo iwe na urefu wa kutoka ardhini hadi hapo. Kisha punguza fimbo hiyo sentimita 5, ndizo inchi mbili unazozitaka. Tembea nayo wiki nzima. Isimamishe kando ya lile tuta la mtaani kwenu, kando ya ukingo wa zege unaovuka mtaro kuingia getini, kando ya mgongo wa barabara mnakopakilia mawese. Mahali popote ambapo fimbo ni fupi kuliko kikwazo, hapo tumbo litagusa. Kigoma ni mji wa miteremko inayokwenda ziwani, na nyumba nyingi unaziingia kwa kupanda ghafla kutoka barabarani. Gari linaloruka tuta vizuri huweza kukwama getini kwake mwenyewe. Nimeona watu wanashusha gari kwanza, halafu wanatafuta fundi wa kuvunja zege.

Fimbo ikipita, bado hatujafika kwenye lenyewe. Lenyewe liko kwenye stopa.

Stopa ni ule mpira mweusi unaozuia mkono wa mbele, au ekseli ya nyuma, isigonge chasisi gari linapotua kwenye shimo. Nafasi kati ya stopa na kile inachokigonga ndiyo mwendo wote uliobaki wa springi kwenda juu. Ukishusha gari, unaikata nafasi hiyo. Hakuna ujanja wa springi wala shokapu unaobadilisha hesabu hiyo, isipokuwa ule wa kubadili stabu ekseli, kile chuma kinachobeba habu ya gurudumu la mbele, ambao nitautaja baadaye. Watu wanauliza "nishushe inchi ngapi", wakati swali linalotakiwa ni "nimebakiwa na sentimita ngapi hadi kwenye stopa nikiwa na mzigo".

Pima ikiwa tupu, tangi likiwa nusu. Andika nafasi ya kila kona, kona nne. Kisha ipakie. Mawese ni mepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo pipa la lita 200 lina mafuta ya kama kilo 180, na ukijumlisha pipa lenyewe unakaribia kilo 200. Matatu ni kama kilo 600. Kama mapipa hayapo siku hiyo, mifuko 12 ya saruji ya kilo 50 ni mzigo uleule. Ipange kama unavyopanga mapipa, pima tena.

Hapa gereji kwangu Tabora niliwahi kupima Hilux inayofanana na yako. Nyuma ikiwa tupu ilikuwa na sentimita 12 kati ya ekseli na stopa. Mifuko 12 ilikula 6. Zikabaki 6. Sasa toa hizo 5 unazozitaka wewe: inabaki sentimita 1, upana wa kidole kidogo. Shimo la kwanza baada ya kutoka lami, ekseli inagonga, na kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye chasisi, kwenye vibanio vya springi, kwenye vishikio vya shokapu. Chuma hakilalamiki siku ya kwanza. Kinapasuka mwezi wa sita, mahali ambapo rangi na tope vimeficha ufa. Toa sentimita 2 na nusu badala ya 5, inabaki 3 na nusu. Hiyo unaweza kuendeshea kwa adabu.

Mbele ni kugumu zaidi kusoma, kwa sababu stopa iko katikati ya mkono, haiko kwenye tairi. Sentimita 1 pale kwenye stopa ni zaidi ya 1 kwenye tairi. Kwa hiyo usishtuke ukikuta nafasi inaonekana ndogo. Lakini pia usijipe matumaini ya kuimaliza.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa gari lako na kazi yako: mbele sentimita 3, nyuma inchi moja, yaani 2 na nusu. Najua unaona ni kidogo. Nakuomba uifanye kwanza, uoshe gari, usimame mbali uitazame. Kinachokukera machoni ni ule mwanya mweusi kati ya tairi na madigadi, na sentimita 3 zikitoka kwenye mwanya huo gari linabadilika sura kabisa. Pia kiwanda huiacha pikapu ikiwa imeinua mgongo kidogo, makusudi, ili ikipakiwa ilale sawa. Acha mgongo huo ubaki kidogo, sentimita 1 au 2. Pikapu iliyozama nyuma ikiwa tupu inaonekana kama imebeba wakati haijabeba, na ikibeba kweli taa zinamulika vilele vya miti.

Tuje kwenye kazi yenyewe, tuanze mbele.

Hilux ya umri huo haina springi za kuzunguka mbele. Ina tosheni baa mbili, vyuma virefu vilivyolala chini ya kabini, vinavyobeba gari kwa kujinyonga. Mwisho wa kila baa, kwenye krosimemba, kuna bolti ndefu ya kurekebishia yenye nati ya kufungia. Hiyo ndiyo neema yako: kushusha mbele hakuhitaji kununua kitu. Na ugumu wa springi hubaki uleule, kwa sababu hujaikata wala kuipunguza, umeilegeza tu mahali inapoanzia.

Siku moja kabla, safisha nyuzi za bolti hizo kwa brashi ya waya, uzimwagie mafuta zilale nayo. Kutu ya miaka 30 ukiilazimisha kwa spana inang'oa nyuzi, na bolti hiyo ikishindwa hapo hapo unapolala chini yake, ni hatari kubwa: baa imejaa nguvu. Pima urefu wa nyuzi zinazoonekana kila upande, uandike. Weka alama ya rangi kichwani mwa bolti. Kisha pima urefu wa gari kwa kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, juu yake moja kwa moja. Usipime kutoka ardhini. Upepo wa tairi na uwanja usio sawa vitakudanganya.

Inua mbele kwa jeki chini ya chasisi, weka stendi, magurudumu yaning'inie. Hapo baa imepumzika kiasi. Legeza nati ya kufungia, fungua bolti mizunguko miwili kila upande, sawasawa. Shusha gari. Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapima papo hapo. Gari likishuka kutoka kwenye jeki, tairi za mbele zimebanana na sakafu, na gari linabaki juu kwa uongo. Lisukume mbele na nyuma mita chache, likandamize bampa mara kadhaa, ndipo upime. Utajua mizunguko miwili ya gari lako inatoa milimita ngapi, na kuanzia hapo unapiga hesabu yako mwenyewe badala ya kuuliza mtu. Kama upande wa dereva na wa abiria umepishana, rekebisha upande mmoja nusu mzunguko kwa wakati.

Kuna mpaka. Magurudumu yakiwa yananing'inia, baa lazima ibaki na mkazo. Ukiona bolti inachezacheza kwa mkono, umepita kiasi: gurudumu likiruka hewani kwenye shimo, baa inaachia, ikirudi inagonga. Na kama baadaye utalazimika kuzitoa baa, weka alama ya kulia na kushoto. Kila moja imezoea kujinyonga upande wake, haziazimani nafasi.

Jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau ni bushi za mikono. Mpira wa bushi hizo umeshikwa ndani na nje, haukuundwa kuzunguka, unajinyonga mkono unapopanda na kushuka. Ukishusha gari sentimita 3 bila kugusa bolti za bushi, mpira unaishi ukiwa umenyongwa saa zote, hata gari likilala uani. Unachanika mapema, na njiani gari linakuwa gumu bila sababu unayoiona. Dawa ni rahisi: gari likiwa chini, limesimama kwa magurudumu yake katika urefu mpya, legeza bolti za bushi, likandamize, kisha zifunge tena hapohapo. Bushi za springi za nyuma vilevile.

Kuhusu kusugua, kuna kipimo cha kukata shaka. Kabla hujaikaza baa, ikiwa imelegea, inua mkono wa chini kwa jeki hadi ufike kwenye stopa, gurudumu likiwa limefungwa, kisha zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Angalia nyuma ya tairi, pale madigadi inapokutana na kabini, na plastiki ya ndani kama bado ipo. Hapo ndipo tairi lingegusa kama lingegusa. Kwa rimu zako na tairi lako, sitarajii kitu, labda madigadi iliyowahi kugongwa ikanyooshwa vibaya. Dakika kumi za kazi hiyo ni bora kuliko kusikia sauti ya kusugua ukiwa kwenye kona na abiria.

Zile stabu ekseli maalumu nilizozitaja zinatengenezwa Marekani na kampuni kama Belltech. Zinaupandisha mhimili wa gurudumu juu ya mahali pake, gari linashuka huku mkono ukibaki ulipokuwa, na nafasi ya stopa hailiwi. Ni njia nzuri kuliko zote kwa mbele. Lakini sikushauri, na sababu ni rimu zako. Gurudumu likipanda, ukingo wa chini wa rimu unaisogelea boli jointi ya chini (kiungo cha mkono) na tairodi (fimbo ya usukani), na rimu ya inchi 14 ni ndogo. Baadhi ya stabu hizo zinadai rimu kubwa zaidi ili zisigusane. Ukiagiza kutoka mbali halafu rimu isiingie, umeshanunua rimu mpya bila kupenda.

Nyuma, anza kwa kulala chini na kuangalia kitu kimoja: springi iko juu ya ekseli au chini yake? Nakusihi usimwachie mtu akujibu kwa mazoea. Kama springi iko chini na ekseli imekaa juu yake, kipande cha chuma kati yao kinalishusha gari. Kama springi iko juu ya ekseli, kipande hichohicho kinaliinua. Nimeletewa gari ambalo mwenyewe alilipia kushushwa, likarudi refu kuliko lilivyokwenda.

Ikiwa springi iko chini, chongesha kwa fundi wa leti vipande viwili vya chuma kizima, unene inchi moja, upana sawa na wa springi. Chini kiwe na tundu linalopokea kichwa cha pini ya kati ya springi, juu kiwe na pini inayoingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Pini hizo ndizo zinazoizuia ekseli isitembee mbele na nyuma. Kipande kisicho na pini ni kifo kinachosubiri. Usikubali mbao, hata mninga mkavu kiasi gani. Usikubali bomba la mraba lenye uwazi ndani. Usikubali vipande viwili vilivyobebanishwa.

Na yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli, ziwe mpya, ndefu zaidi kwa inchi hiyo moja. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilimfungia mteja vipande vya nyuma nikarudishia yubolti zake za zamani, kwa sababu nyuzi zilionekana safi na yeye alikuwa na haraka ya safari ya Urambo. Yubolti ikishakazwa mara moja imeshavutika, haishiki tena kama mwanzo. Alirudi siku ya tatu gari likienda upande upande kama kaa: pini ya kati imekatika, ekseli imesogea nyuma upande wa kushoto. Hakuumia mtu. Lakini kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo yubolti iliyofunguliwa hapa kwangu haifungwi tena, hata mteja akinuna.

Ikiwa kwako springi iko juu ya ekseli, njia ni kuzipeleka springi kwa fundi wa springi mwenye presi azilaze baridi, pleti kwa pleti, kwa kiasi hicho cha inchi moja. Baridi. Huyo aliyekwambia azichome moto anataka kukuharibia chuma. Pleti ya springi imepikwa kiwandani kwa joto na kupoozwa kwa kipimo ili iwe na uwezo wa kurudi. Ukiipasha hadi iwe nyekundu na kuiacha ipoe uani, umeirudisha kuwa chuma cha kawaida. Italala kweli, na itaendelea kulala kila unapopakia, hadi siku ivunjike. Na yule wa kupunguza pleti, naye anakupunguzia mzigo unaoruhusiwa kubeba. Kwa mtu wa mapipa matatu hilo halina mjadala. Tena pleti zikipungua, ekseli inajikunja unapotoa klachi kwa nguvu mlimani, na propela shafti inapiga.

Habari ya kuihamisha ekseli kutoka chini ya springi kwenda juu yake sitaikalia. Inashusha inchi 5 au zaidi, inadai chasisi ikatwe nusu duara juu ya ekseli, na haina nafasi kwenye kazi yako.

Shokapu kwa kiasi hiki nilichokupa hazihitaji kubadilishwa kama ni nzima. Jihakikishie hivi: funga uzi kwenye fimbo ya shokapu ukigusa mdomo wa mwili wake, endesha siku nzima na mzigo, kisha angalia uzi umesukumwa hadi wapi. Ukiukuta umefika mwisho kabisa wa fimbo, shokapu inajigonga ndani, na itavuja. Hapo nunua fupi.

Sasa lile ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Hilux nyingi za kubeba mizigo zina valvu ya breki za nyuma iliyofungwa kwenye chasisi, na fimbo nyembamba inayotoka hapo hadi kwenye ekseli. Fimbo hiyo inaieleza valvu gari limebeba kiasi gani: bodi ikisogelea ekseli, valvu inaamini kuna mzigo, inaruhusu breki za nyuma zikamate kwa nguvu zaidi. Ukishusha gari bila kuirekebisha, valvu inadhani umebeba saa zote. Siku ukiwa mtupu, mvua ya Desemba imelowesha udongo mwekundu, ukikanyaga breki ghafla magurudumu ya nyuma yanafunga kabla ya yale ya mbele, na mkia wa gari unakuja kukutazama usoni. Dereva atasema tairi zimeisha. Tairi hazina kosa.

Kwa hiyo kabla ya kushusha, pima pembe ya fimbo hiyo, ipige picha ya simu ikiwa tupu. Baada ya kushusha, sogeza kishikio chake au nati yake ya kurekebishia hadi pembe irudi ilivyokuwa. Kisha nenda mahali peupe pasipo watu, barabara ya udongo, kasi ndogo ya kama 30, kanyaga breki kwa nguvu, mtu asimame kando aangalie magurudumu gani yanafunga kwanza. Ya mbele yatangulie. Kama ya nyuma yanatangulia, usiendeshe hadi parekebishwe. Kama valvu yako imeshatolewa na fundi wa zamani na bomba limeunganishwa moja kwa moja, na hilo nimelikuta mara nyingi, niandikie, maana hilo ni tatizo hata bila kushusha chochote.

Mengine ni mafupi. Taa za mbele zirekebishwe usiku mbele ya ukuta. Bomba la ekzosi linapovuka juu ya ekseli, liangalie gari likiwa na mzigo. Mwambie wakala wako wa bima kwamba umebadilisha urefu wa gari, kabla hajaliona siku ya ajali.

Alaimenti usiipeleke siku hiyohiyo. Endesha siku tatu au nne springi na bushi zitulie, kisha rudi chini ukaze yubolti tena, zote nne, kwa mpangilio wa msalaba, ndipo uende alaimenti. Gari la mikono miwili likishuka, vichwa vya tairi za mbele vinaegemea ndani na ncha zake zinabadilika, na usipolipeleka tairi litaliwa ukingo wa ndani ambao huuoni ukisimama. Baada ya wiki mbili pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Ukihisi upande mmoja wa safari ni laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, alaimenti haijakaa, rudi kwa aliyeifanya.

Safari ya kwanza ya mapipa, kabla hujaondoka, paka stopa zote nne chokaa au grisi kidogo. Ukifika Ujiji, lala chini uangalie. Alama ikiwa imeguswa mara moja au mbili, ni sawa, ndiyo kazi ya stopa. Ikiwa imefutika yote, rudisha mbele mizunguko miwili, au beba mapipa mawili kwa safari, na uniandikie vipimo vya kona zote nne, tupu na zikiwa na mzigo, nivipitie.